Umbo la seli za endotheli

Umbo la seli za endotheli ni namna seli zinazofunika upande wa ndani wa mishipa ya damu zinavyojitandaza, kurefuka au kujikunja. Umbo hilo si la kudumu. Hubadilika kwa dakika chache kwa kufuata ishara za kemikali zinazoletwa na damu au kutolewa na tishu za jirani. Kazi ya kulibadilisha hufanywa na kiunzi cha seli, yaani mtandao wa nyuzi za protini ulio ndani ya kila seli. Seli zikitandaa na kushikana, ukuta wa mshipa huzuia maji ya damu yasitoke ovyo. Zikijikunja, nafasi hufunguka kati yao na maji hupenya.

Katika Afrika Mashariki jambo hili linagusa maisha ya watu moja kwa moja, hasa watoto wadogo, kwa sababu ni sehemu ya maelezo ya jinsi malaria kali inavyoua. Baadhi ya ushahidi muhimu kuhusu uhusiano huo ulitokana na watoto wagonjwa wa mkoa wa Tanga, nchini Tanzania.

Jina na mahali pake

Neno endotheli lilitungwa mwaka 1865 na Wilhelm His, mtaalamu wa anatomia kutoka Uswisi, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: "endon", yaani ndani, na "thele", yaani chuchu. Mwanafunzi anaweza kushangaa chuchu inahusikaje na mishipa ya damu. Haihusiki. His alifuata tu neno la zamani zaidi, epitheli, ambalo awali lilihusu ngozi laini ya chuchu, kisha likaenea hadi kutaja kila tabaka la seli linalofunika kitu.

Endotheli ni tabaka la seli moja tu kwa unene. Hupatikana katika mishipa yote ya damu, kuanzia aota, ambayo ni mshipa mkuu utokao moyoni, hadi kapilari ambazo ni nyembamba kiasi kwamba seli nyekundu za damu hupita moja moja kwa mstari. Seli moja ya endotheli kwa kawaida ina urefu wa mikromita 30 hadi 50, lakini sehemu kubwa yake ina unene usiofikia hata mikromita moja. Ni kama kigae kipana na chembamba mno, kilichonyanyuka kidogo katikati pale penye kiini.

Kati ya kigae na kigae kuna maungio. Protini muhimu ya maungio hayo ni VE-kadherini. Kila seli hutoa mikono yake ya VE-kadherini ikashikana na ile ya jirani, na kwa upande wa ndani mikono hiyo imefungwa kwenye nyuzi za kiunzi kupitia protini nyingine ziitwazo katenini. Kwa hiyo uzi ukivutwa ndani ya seli, ungio la nje husikia mvuto. Endotheli ya ubongo ina maungio yaliyobana kuliko ya sehemu nyingi za mwili.

Mfano wa kuumwa na mbu

Mtu akikaa ufukweni Raskazone, jijini Tanga, jua linapotua, hatakosa kuumwa na mbu. Baada ya dakika chache ngozi huvimba kidogo, huwasha, na uvimbe huo hupotea wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba uvimbe ni sumu ya mbu iliyojaa chini ya ngozi. Kwa kweli maji yaliyojaa pale ni ya mtu mwenyewe, yametoka katika damu yake. Mate ya mbu huamsha seli za kinga zilizo chini ya ngozi, nazo humwaga kemikali iitwayo histamini. Histamini ikifika kwenye mishipa midogo iliyo jirani, seli za endotheli hujikunja na kuacha mianya, na plasma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huvuja.

Mianya hiyo ilionekana kwa uhakika mwaka 1961, pale Guido Majno na George Palade walipotumia hadubini ya elektroni kuchunguza mishipa ya panya waliodungwa histamini na serotonini. Waligundua mambo mawili ambayo hayakutarajiwa na wengi. Kwanza, majimaji hayakupita katikati ya seli bali kati ya seli na seli. Pili, mishipa iliyovuja haikuwa kapilari bali vena ndogo zinazozifuata. Mwaka 1969 Majno na wenzake waliongeza kwamba viini vya seli hizo vilikuwa vimekunjamana, dalili kwamba seli yenyewe ilikuwa imejivuta, kama msuli unavyofanya. Wazo kwamba ukuta wa mshipa una nguvu yake ya kujivuta, na si bomba lililolala tu, lilipata msingi hapo.

Kiunzi cha seli

Jina kiunzi lisimfanye msomaji afikirie mifupa. Mfupa hukaa miaka. Nyuzi nyingi za kiunzi cha seli hujengwa na kubomolewa kila wakati, nyingine kwa muda wa dakika tu. Nyuzi hizo ni za aina tatu.

Mirija midogo iitwayo mikrotubuli hutengenezwa kwa protini ya tubulini. Ina kipenyo cha nanomita 25 hivi, ina uwazi ndani kama mwanzi, na hutumika kama njia za kusafirishia mizigo ndani ya seli. Nyuzi za kati, ambazo katika endotheli ni hasa za vimentini, zina kipenyo cha nanomita 10 hivi na huipa seli uimara isichanike.

Aina ya tatu, aktini, ndiyo mhusika mkuu wa makala hii. Iligunduliwa na Brunó Straub mwaka 1942 mjini Szeged, Hungaria, katika maabara ya Albert Szent-Györgyi. Aliipata katika misuli, na kwa miaka mingi iliaminika kuwa ni mali ya misuli peke yake, hadi ilipoonekana katika karibu kila aina ya seli yenye kiini. Punje za aktini hupangana na kuwa uzi wa nyuzi mbili zilizosokotana, wenye kipenyo cha nanomita 7 hivi. Wenyeji wa Tanga, ambako mkonge ulianza kulimwa mwaka 1893, hawahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hilo: unyuzi mmoja wa mkonge ni dhaifu, lakini ukisokotwa na kufungwa pamoja na mwingine huweza kuvuta meli gatini. Tofauti ni kwamba kamba ya mkonge haijifumui, ilhali aktini hujisokota upande mmoja na kujifumua upande mwingine.

Katika seli ya endotheli iliyotulia, nyuzi nyingi za aktini hukaa pembezoni, zikizunguka seli kama mshipi na kuyashikilia maungio. Seli ikiamshwa na ishara fulani, mshipi huo hupungua na badala yake hutokea mafungu manene yanayokatiza seli kutoka upande hadi upande. Haya huitwa nyuzi za mvutano. Ndani yake huwamo miosini, protini inayotembea juu ya aktini na kuivuta, ileile inayofanya kazi katika misuli. Aktini pembezoni, ukuta umefungwa. Aktini katikati pamoja na miosini, ukuta unafunguka. Huo ni ufupisho, lakini unamtosha mtu anayeanza.

Jinsi ishara inavyofika kwenye nyuzi

Kemikali nyingi zinazobadilisha umbo la endotheli haziingii ndani ya seli. Hugusa kipokezi kilicho juu ya utando wa seli, nacho hupeleka habari ndani kwa njia ya protini nyingine, moja ikiamsha nyingine. Katika mlolongo huo kuna protini mbili ndogo zinazofanya kazi kama swichi: RhoA na Rac1. Kila moja huwa imewaka inapobeba molekuli iitwayo GTP, na huzimika GTP inapovunjwa kuwa GDP.

Mwaka 1992 Anne Ridley na Alan Hall, wakifanya kazi jijini London, walionyesha kwamba swichi hizi zina amri tofauti juu ya aktini. Walipoingiza Rho katika seli za tishu unganishi, nyuzi za mvutano zilijitokeza. Walipoingiza Rac, ukingo wa seli ulijitandaza na kufanya mawimbi. Baadaye ilithibitika kwamba endotheli nayo hufuata kanuni hiyo kwa kiasi kikubwa.

RhoA ikiwaka huamsha kimeng'enya kiitwacho ROCK. Miosini huvuta pale inapobandikwa kundi la fosfeti, na katika seli daima kuna kimeng'enya kingine kinachobandua fosfeti hiyo ili mvuto usiendelee. ROCK hukizuia hicho cha kubandua, hivyo mvuto unadumu. Wakati huohuo ishara nyingi, histamini ikiwemo, huongeza kalisi ndani ya seli, na kalisi huamsha kimeng'enya cha kubandika fosfeti. Kwa maneno mengine, mkono mmoja unakaza kamba na mwingine unazuia isilegezwe.

Rac1 hufanya kinyume. Huimarisha mshipi wa aktini wa pembezoni na kusukuma ukingo wa seli nje hadi ukutane na jirani yake. Miongoni mwa ishara zinazoiwasha ni sfingosini-1-fosfeti, mafuta maalumu yanayobebwa kwa wingi na seli nyekundu za damu na kuzunguka katika plasma muda wote. Mtu mzima anaishi bila kuvimba mwili mzima kwa sababu, pamoja na mambo mengine, ishara za kufunga zinafanya kazi kila sekunde. Kufungwa kwa ukuta si hali ya mapumziko, ni kazi.

Kipokezi kimoja, amri mbili

Mfano unaofundisha zaidi ni wa trombini. Hiki ni kimeng'enya kinachotokea damu inapoganda, kwa mfano mtu akijikata kwa kisu. Mwaka 1991 Shaun Coughlin na wenzake nchini Marekani walieleza kipokezi cha trombini, ambacho sasa huitwa PAR1, na kazi yake ilikuwa ya ajabu. Vipokezi vingi husubiri kemikali ije ikae juu yao kama ufunguo katika kitasa. PAR1 hukatwa. Trombini hukata mkia wake wa nje mahali maalumu, baada ya asidi amino ya 41, na kipande kipya cha mkia kilichobaki hujikunja na kukiamsha kipokezi chenyewe. Ufunguo ulikuwa umefichwa ndani ya kitasa tangu mwanzo.

PAR1 iliyoamshwa hivyo huwasha RhoA na kupandisha kalisi. Katika seli zilizokuzwa maabara, nyuzi za mvutano na mianya huonekana ndani ya dakika chache, na seli huchukua saa moja au mbili kuziba tena. Penye jeraha jambo hilo lina faida, maana plasma na protini za kugandisha damu huweza kufika kwenye tishu iliyoumia.

Lakini damu ina kimeng'enya kingine, Protini C amilifu, kinachokata PAR1 ileile na kuleta matokeo kinyume. Hii hukata mkia huo mahali pengine, baada ya asidi amino ya 46, na mkia mpya unaobaki hupeleka habari kwa njia nyingine, inayowasha Rac1 na kuimarisha mshipi wa pembezoni. Ili ifanye hivyo, Protini C amilifu huhitaji kwanza kukaa juu ya protini nyingine ya utando iitwayo EPCR, iliyoelezwa mwaka 1994 na Kenji Fukudome na Charles Esmon. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba Protini C amilifu iliyokaa juu ya EPCR inaweza kuiamsha PAR1.

Basi kipokezi kimoja kinaweza kuamuru seli ijikunje au ijitandaze, na tofauti iko katika nani amekikata na amekaa wapi. Kitu chochote kitakachoizuia Protini C isikae juu ya EPCR kitaiacha trombini bila mpinzani wake.

Malaria kali

Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha malaria nyingi ya pwani ya Tanzania, hukua ndani ya seli nyekundu za damu kwa mzunguko wa saa 48 hivi. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko seli hiyo huendelea kuzunguka mwilini. Kimelea kinapokomaa, wengu ungeweza kuitambua seli iliyokakamaa na kuiondoa. Ili kuukwepa, kimelea hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuitokeza juu ya seli nyekundu, kwenye vinundu vidogo. Kwa protini hiyo seli hujinasa kwenye endotheli ya mishipa midogo na kubaki hapo. Kila kimelea kina jeni 60 hivi za PfEMP1, kila moja ikiwa na umbo lake, na kwa kawaida hutumia moja kwa wakati mmoja.

Wataalamu wa Italia wa mwisho wa karne ya 19 walikwisha kuona kwamba mishipa ya ubongo wa waliokufa kwa malaria imejaa seli zenye vimelea. Kilichowatatiza waliofuata ni kwamba vimelea hivyo hubaki ndani ya mshipa. Haviingii katika ubongo wenyewe. Vipi basi mtoto hupoteza fahamu, hupatwa na degedege, na ubongo wake huvimba? Jibu lilipaswa kutafutwa kwenye ukuta ulio katikati.

Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Copenhagen na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ya Tanzania, wakiwemo Thomas Lavstsen na John Lusingu, lilichapisha uchunguzi wa vimelea kutoka kwa watoto waliougua malaria Korogwe, mkoani Tanga. Walilinganisha jeni za PfEMP1 zilizokuwa zikitumika katika watoto wenye malaria kali na katika wale wenye malaria ya kawaida. Vimelea vya watoto mahututi vilitumia zaidi aina mbili za PfEMP1 zilizopewa majina DC8 na DC13. Mwaka uliofuata, kundi hilo, likiongozwa na Louise Turner, liliripoti mahali ambapo aina hizo hunasa kwenye endotheli: juu ya EPCR.

Kipande cha PfEMP1 hukaa palepale, au karibu sana, na pale ambapo Protini C ingekaa. Kimelea kilichokuwa kinatafuta tu mahali pa kujishikiza kinakuwa kimeziba kiti cha ishara ya kufunga. Mwaka huohuo wa 2013, watafiti waliochunguza tishu za ubongo za watoto waliofariki Malawi waliripoti kwamba EPCR ilikuwa imepungua mahali seli zenye vimelea zilipojinasa. Ubongo una EPCR kidogo tangu mwanzo ukilinganishwa na sehemu nyingine za mwili, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa wa kwanza kuumia. Damu huanza kuganda katika mishipa hiyo midogo, trombini huongezeka, RhoA huwaka, na maungio hulegea.

Haifai kusema kwamba EPCR peke yake ndiyo malaria ya ubongo. Kuna njia nyingine zinazoelekea kwenye nyuzi zilezile za aktini. Seli za endotheli zina vifuko vidogo vilivyoelezwa mwaka 1964 na Ewald Weibel na George Palade, na ndani yake huhifadhiwa angiopoietini-2, kemikali inayodhoofisha ishara za kutuliza ukuta. Nitriki oksidi, gesi inayotengenezwa na endotheli yenyewe, huzuia vifuko hivyo visimwagike. Mwaka 1996 Nicholas Anstey na wenzake, waliofanya utafiti Dar es Salaam, waliripoti kwamba utengenezaji wa nitriki oksidi ulikuwa mdogo kadiri malaria ya mtoto ilivyokuwa kali. Matokeo hayo yalikwenda kinyume na dhana iliyokuwapo wakati huo, kwamba gesi hiyo ikizidi ndiyo inayomzimisha mgonjwa. Zaidi ya hayo, seli nyekundu zinapopasuka humwaga hemu na histoni za vimelea, ambazo nazo huumiza endotheli.

Uzito wa uvimbe wa ubongo ulionekana wazi mwaka 2015, pale watafiti waliotumia mashine ya MRI mjini Blantyre, Malawi, walipotoa picha za watoto wenye malaria ya ubongo. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana. Kati ya 143 walionusurika, walikuwa 39. Kuvuja kwa ukuta ni sababu mojawapo ya uvimbe huo, pamoja na damu kukwama katika mishipa iliyozibwa na seli zilizojinasa.

Kwa muda mrefu familia nyingi za pwani zimeitofautisha degedege na homa ya malaria. Degedege ilihusishwa na dege au pepo, na mtoto alipelekwa kwa mganga kwanza. Utengano huo unaeleweka, kwa kuwa mtu hawezi kuona kwa macho uhusiano kati ya homa na mtoto kukakamaa ghafla. Uhusiano upo katika mishipa yenye upana wa mikromita chache, na saa zinazopotea njiani ni saa ambazo vimelea vinaendelea kukomaa na kujinasa.

Maana yake katika matibabu

Ukijua kwamba hatari huanza kimelea kinapojinasa kwenye endotheli, utaelewa kwa nini dawa inayowahi ina thamani kuliko inayochelewa. Kwinini huua hasa vimelea vilivyokomaa. Artesuneti huua pia vile vichanga, kabla havijajinasa. Jaribio lililoitwa AQUAMAT, lililochapishwa mwaka 2010, lililinganisha dawa hizo mbili kwa watoto 5425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na vituo vya Muheza na Korogwe vilishiriki. Waliofariki walikuwa asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini na asilimia 8.5 ya waliopewa artesuneti. Tangu hapo artesuneti ya sindano imekuwa dawa ya kwanza kwa malaria kali, kuanzia hospitali za wilaya hadi hospitali za rufaa kama Bombo, iliyo upande wa Raskazone jijini Tanga.

Majaribio ya kuushughulikia uvimbe wenyewe hayakufanikiwa vivyo hivyo. Dawa ya deksamethasoni, iliyojaribiwa Thailand na matokeo kuchapishwa mwaka 1982, ilirefusha muda wa kupoteza fahamu badala ya kuufupisha. Mannitoli, inayotumika kunyonya maji kutoka ubongoni, ilijaribiwa kwa watoto katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, na mwaka 2007 iliripotiwa kwamba haikuleta nafuu iliyotarajiwa.

Funzo lililotikisa madaktari wengi lilitoka katika jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland na kuchapishwa mwaka 2011. Lilihusisha watoto 3141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali Teule ya Muheza. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Ilikuwa desturi ya tiba duniani kumwongezea mtoto wa namna hiyo maji mengi ya mshipa kwa haraka. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa maji yenye albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka.

Ni rahisi kuchukua matokeo hayo na kusema kwamba maji yalivuja kupitia mianya ya endotheli yakajaza ubongo na mapafu. Uchambuzi uliofuata haukuunga mkono maelezo hayo mepesi: vifo vya ziada vilitokana zaidi na kuporomoka kwa mzunguko wa damu. Ikumbukwe pia kwamba watoto wenye kuharisha, ambao kweli wamepoteza maji, hawakuingizwa katika jaribio hilo, na kwao maji hubaki kuwa tiba.

Zipo pia dawa zinazogusa kiunzi cha seli moja kwa moja. Fasudili, inayozuia ROCK, imetumika Japani tangu mwaka 1995 kwa wagonjwa ambao mishipa ya ubongo wao imekazana baada ya kuvuja damu. Ugumu wa dawa za namna hii ni kwamba RhoA na ROCK zimo katika seli za kila kiungo, na kuzizima mwili mzima hushusha shinikizo la damu la mtu ambaye tayari yuko mahututi.

Homa ya dengi

Ugonjwa mwingine wa pwani unaotegemea kulegea kwa endotheli ni homa ya dengi, iliyozuka Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019. Katika dengi kali hatari kubwa ni plasma kuvuja, mara nyingi homa ikiwa imeanza kushuka, wakati ambapo ndugu wa mgonjwa wanadhani amepona. Virusi vyake hufanya seli zilizoambukizwa zimwage protini iitwayo NS1 katika damu. Mwaka 2015 tafiti mbili zilizochapishwa pamoja zilionyesha kwamba NS1 peke yake, bila virusi, huweza kuvujisha tabaka la endotheli. Tofauti na malaria, seli za endotheli katika dengi haziharibiki sana kwa kuonekana. Hulegea, na mgonjwa akivushwa salama katika siku hizo mbili tatu kwa kupewa maji ya kipimo, ukuta hujifunga tena.

Jina dengi lenyewe huenda lilitoka katika Kiswahili. James Christie, daktari aliyeishi Zanzibar, aliandika mwaka 1872 kuhusu mlipuko wa homa ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na wanaisimu kadhaa wanaona kwamba neno hilo lilisafiri hadi visiwa vya Karibi na kurudi likiwa limebadilika. Waliochunguza maelezo ya Christie baadaye wanaona kwamba ugonjwa aliouona, pamoja na maumivu yake makali ya viungo, unafanana zaidi na chikungunya.